Mshike Wewe, Nimtie Dawa Mimi

Huku Mwanza hatujambo, ziwa lipo, mawe yapo, sato yupo. Mwezi huu nimeamua kuweka kando wivu, simu na hela ya matumizi, tuongee jambo ambalo wapenzi wengi wanalipitia ndani lakini hakuna anayekwenda kumweleza mshenga: viroboto.

Usicheke kwanza. Mmefunga ndoa, mmepanga vyumba viwili na sebule pale Nyakato au Pasiansi, kochi mmelinunua kwa mkopo, na mmoja wenu kaja na paka wake. Mwezi wa tatu mke anajikuna vifundo vya miguu, mume ana vipele kiunoni, na kila mmoja anamwangalia mwenzake kwa lile jicho la "jana ulikuwa wapi?". Kumbe mhusika mkuu kalala juu ya kochi jipya, kajikunja kama kata ya maji, wala hana habari.

Kabla hujasema "si mumfukuze tu huyo paka", elewa kwamba huku kwetu paka si pambo. Mji huu umekaa juu ya mawe. Panda Bugarika au Mabatini uone nyumba zilivyopandana juu ya miamba, kila ufa wa jiwe ni nyumba ya kulala wageni ya panya. Ukiweka ndani gunia la mchele na mfuko wa dagaa wa Mwaloni bila paka, utalia. Na panya wakiisha, paka wetu wana mchezo mwingine: kuwakimbiza wale mijusi wa mawe wenye kichwa na mabega mekundu na kiwiliwili cha bluu, ambao wataalamu wamewapa hadi jina la mji wetu, Agama mwanzae. Kwa hiyo paka anabaki. Anayetakiwa kuondoka ni kiroboto.

MJUE MGENI WAKO

Kiroboto wa paka, kwa jina la kitaalamu Ctenocephalides felis, ndiye huyo huyo anayesumbua na mbwa wengi. Jike mmoja akishakunywa damu anaweza kutaga mayai hadi 40 au 50 kwa siku. Mayai hayabaki mwilini mwa paka, yanadondoka popote anapolala: kochini, zuliani, kitandani kwenu. Yanatoa viluwiluwi vinavyojificha gizani na kula uchafu, hasa kinyesi cha viroboto wakubwa, ambacho ni damu iliyokauka. Kisha kiluwiluwi anajifungia ndani ya kifuko kinachonata, na humo anaweza kusubiri wiki kadhaa, hata miezi, hadi asikie mtikisiko wa hatua, joto na pumzi ya kiumbe hai.

Sasa umeelewa kwa nini mkienda likizo ya Desemba Ukerewe, mkirudi nyumba inawashambulia kama iliwangoja. Ilikuwa inawangoja kweli! Na umeelewa kwa nini watu huhamia nyumba mpya, wanang'atwa siku ya kwanza, wanaanza kulaumiana, wakati aliyewaachia zawadi ni paka wa mpangaji aliyeondoka.

Inakadiriwa kwamba viroboto wakubwa unaowaona kwa paka ni kama asilimia 5 tu ya ukoo mzima uliomo ndani. Wengine wote ni mayai, viluwiluwi na walio kwenye vifuko. Tena kwetu hakuna majira ya baridi ya kuwapunguza. Ziwa Viktoria liko mita zaidi ya 1,100 juu ya bahari, hali yetu ya hewa ni ya joto la wastani na unyevu karibu mwaka mzima. Kwa kiroboto hiyo ni hoteli.

Unataka uhakika? Mchane paka kwa kitana chenye meno ya karibu karibu juu ya karatasi nyeupe au tishu yenye maji. Vikidondoka vipunje vyeusi halafu vikaacha doa jekundu, hiyo ni damu. Kesi imekwisha, huna haja ya shahidi.

KICHUPA KIDOGO, KAZI KUBWA

Dawa ninayoizungumzia ni ile ya maji inayokuja kwenye kichupa cha plastiki kisichozidi kidole. Zipo zenye fipronili, zenye imidaklopridi na zenye selamektini. Zote zinadondoshwa juu ya ngozi, nyuma ya shingo. Fipronili, kwa mfano, inasambaa na mafuta ya ngozi na kujihifadhi kwenye vitezi vya mafuta, inatoka kidogo kidogo. Kiroboto akiigusa, mishipa yake ya fahamu inavurugika na anakufa, kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili. Kichupa kimoja hulinda kwa karibu mwezi. Ukisikia mtu anasema "nilimtia mara moja mwaka jana, haikusaidia", mwambie hata mswaki ukipiga mara moja kwa mwaka hausaidii.

Nunua kwa daktari wa mifugo au duka la dawa za mifugo linaloeleweka. Hakikisha kichupa kimeandikwa ni cha PAKA, angalia uzito na umri unaoruhusiwa, na tarehe ya kuisha muda. Nyingi hazifai kwa kitoto cha chini ya wiki 8. Huyo mdogo mchane kwa kitana kila siku, viroboto uwatumbukize kwenye maji ya sabuni, na umuulize daktari. Usidharau, kitoto cha paka kinaweza kuishiwa damu na kufa kwa viroboto peke yao.

HAPA NDIPO NYUMBA ZINAPOUNGUA

Msomaji wangu, hapa naomba usikilize kwa masikio yote mawili. Sisi wa Kanda ya Ziwa ni watu wa ng'ombe. Hata kama wewe unavaa suti na kuishi Capri Point, una baba mdogo Misungwi au Kwimba mwenye mifugo, na kwake kuna chupa ya dawa ya josho. Wengi tunafikiri dawa inayoua kupe wa ng'ombe itashindwaje kiroboto wa paka?

Haishindwi. Inamuua kiroboto na paka pia. Dawa nyingi za mifugo na za mbwa zina pamethrini, saipamethrini, deltamethrini au amitrazi. Ini la paka halina uwezo mzuri wa kuivunja pamethrini na ndugu zake jinsi ini la mbwa linavyoweza, na amitrazi nayo ni hatari kwake. Dawa ya mbwa ukiigawa nusu haigeuki kuwa ya paka. Hata makopo mengi ya kupulizia mbu yana sumu za ukoo huo huo. Na mafuta ya taa, ambayo bibi zetu waliyapaka, yanaunguza ngozi, halafu paka anayalamba.

Nina jirani zangu, vijana wenye kazi zao, majina na mtaa nayaacha. Mke aliingia kwenye ndoa na paka aliyeishi naye miaka sita ya ubachela, kutoka kile chumba kimoja cha kwanza alichopanga akianza kazi. Viroboto walipozidi, mume alirudi na nusu chupa ya dawa ya ng'ombe kutoka kwao. Jumamosi, mke akiwa saluni, akamwogesha paka nayo. Nia yake ilikuwa safi kabisa: mkewe arudi akute tatizo limekwisha, afurahi. Jioni masikio ya paka yakaanza kuchezacheza, mate yakamtoka, mwili ukatetemeka, ikaja degedege. Kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa amekufa.

Yule dada hakulia mbele ya mumewe. Alinyamaza siku tisa. Chakula anaandaa, salamu anaitika, ila mazungumzo hakuna. Mume akaleta kitenge, kikabaki kwenye mfuko wake. Akaleta paka mwingine ndani ya boksi la sabuni, paka akarudishwa alikotoka. Siku ya kumi wakaja kukaa barazani kwangu, ndipo mke akafungua kinywa.

"Mimi sikumlilia paka peke yake. Nilikuwa saluni, simu ninayo mkononi. Hukuona haja ya kunipigia uniulize."

"Mke wangu, nilitaka kukusaidia tu."

"Najua. Ndiyo maana inauma. Ungekuwa umefanya kwa ubaya, ningejua la kufanya."

Nilinyamaza, maana hapo hapakuwa na la kuongeza. Mpaka leo wako pamoja na wanaelewana, lakini waliniambia kilichowasaidia si kitenge wala muda. Ni kwamba mume alikubali kusema "sikukuuliza" badala ya kuendelea kusema "sikujua". Hayo ni maneno mawili tofauti kabisa. Kutojua kila mtu hajui. Kuuliza ni uamuzi.

Na kama ajali ya namna hii imetokea kwenu leo, msikae kulaumiana. Mwoshe paka mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mkaushe, mfunike asipate baridi, mkimbizeni kwa daktari wa mifugo pamoja na ile chupa. Msimnyweshe maziwa kwa nguvu, mwenye degedege anapaliwa. Paka wengi waliowahiwa wamepona.

SASA TUMTIE DAWA

Uzuri wa kichupa hiki ni kwamba ni kazi ya watu wawili. Ubaya wake ni kwamba paka naye ana maoni. Nyumbani kwetu tuna dume la kilo tano na ushee. Akisikia tu "tak!" ya kichupa kukatwa, anakuwa juu ya kabati la vyombo, anatuangalia kama mwenye nyumba anayedai kodi. Miaka kadhaa na huyo bwana imetufundisha haya:

1. Chagua saa. Jioni ameshiba, anasinzia. Si wakati wageni wapo, wala umeme umekatika mnapapasana gizani. Na asiwe ameoga siku hiyo au kulowa mvua. Dawa nyingi zinataka manyoya makavu, na asiogeshwe kwa siku mbili kabla na baada.

2. Andaa kabla hujamwita. Funga mlango na madirisha. Kichupa kikatwe chumba kingine, mlio asiusikie. Khanga iwe karibu, na dagaa wawe mkononi. Chukua wale wakavu wasio na chumvi, au mchuzi wa sangara uliochemshwa mtupu. Kitunguu marufuku, ni sumu kwa paka.

3. Usimkimbize. Ukimkimbiza kuzunguka meza, umeshashindwa hata ukimkamata. Mwache aje kwenye dagaa mwenyewe.

4. Mmoja mbele, mmoja nyuma. Wa mbele anamlisha na kumsemesha taratibu. Wa nyuma anafanya kazi. Kama ana makucha ya haraka, mfunge kwa khanga kama mtoto mchanga, kichwa na shingo vibaki nje. Usimning'inize kwa ngozi ya shingo, anaumia na mwezi ujao hatakuamini.

5. Tenganisha manyoya mpaka uone ngozi. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Wanamwaga juu ya manyoya, dawa inaishia kwenye khanga. Tafuta sehemu ya juu kabisa ya shingo, chini tu ya fuvu, ulimi usipofika. Gusisha ncha kwenye ngozi, minya yote, na uendelee kubana wakati unaondoa mkono ili kichupa kisiinyonye tena. Kazi yenyewe ni sekunde tatu. Usisugue.

6. Mwachie aende zake. Mpeni dagaa wa mwisho, fungueni mlango. Pale penye dawa pasiguswe mpaka pakauke, watoto wasimkumbatie, na usiku huo asilale kitandani kwenu. Kama mna paka wawili, watengeni kwa saa kadhaa wasilambane. Akilamba kidogo atatokwa mate mengi, dawa ni chungu. Kwa kawaida hali hiyo inapita haraka. Ikiendelea au akianza kutetemeka, muoneni daktari.

Uko peke yako? Piga magoti sakafuni, paka awe katikati ya magoti yako akitazama mbele, mkia upande wako. Hana pa kurudi nyuma, na hakioni kichupa.

Na akigoma kabisa, acheni. Hakuna aliyekufa kwa kuahirisha viroboto siku mbili. Kwa wiki moja kila jioni mguse nyuma ya shingo kwa kidole chenye maji, mpe dagaa. Kidole, dagaa. Kidole, dagaa. Siku ya nane kidole kinakuwa kichupa, naye anadhani ni yale yale.

Msisahau ile asilimia 95 nyingine. Paka wote wa nyumba watiwe dawa siku moja. Mashuka na matandiko yafuliwe kwa maji ya moto, mikeka na mito ya kochi itolewe juani, kila kona ifagiwe na taka zitupwe nje. Endeleeni angalau miezi mitatu, kwa sababu wale wa kwenye vifuko watatoka kwa zamu. Mkiona viroboto wapya wiki ya pili msiseme dawa ni feki. Ni vifaranga wa zamani wanaoingia kwenye mtego.

NANI ASHIKE?

Hili ndilo swali nililoulizwa zaidi na wasichana wenzangu pale saluni. Kila mtu anataka kutia dawa, hakuna anayetaka kushika. Anayeshika ndiye anayekwaruzwa na ndiye paka anayemnunia. Jibu langu: pokezaneni. Mwezi huu mume, mwezi ujao mke. Nyumba ambayo mtu mmoja kila siku ndiye mkali, wa kumnyima mtoto pipi, wa kumdai mpangaji, wa kumshika paka, na mwingine kila siku ndiye mzuri, hiyo nyumba ina deni. Litalipwa tu.

Pili, mwenzako akimwachia paka katikati ya kazi, usimwambie "nilijua utashindwa". Paka atasahau kwa vipande viwili vya dagaa. Mwenzako hatasahau.

Mkikwaruzwa, osheni kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kinyesi cha kiroboto kikikaa kwenye kucha za paka kinaweza kumwambukiza mtu bakteria wa homa ya mikwaruzo ya paka, sababu nyingine ya kummaliza kiroboto. Akiwang'ata paka msiyemjua au asiyechanjwa, osheni kidonda dakika 15 na mwende hospitali siku hiyo hiyo mkaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Paka naye anaupata na kuuambukiza.

Na kwa ninyi mnaotarajia mtoto: mama mkwe akisema "huyo paka aondoke, mkaza mwana wangu ni mjamzito", msigombane naye, ana hoja kidogo. Toksoplazma ipo, ila haitoki kwa viroboto wala manyoya. Inapitia kinyesi cha paka, nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa. Kinyesi kikitolewa kila siku, kabla hakijafikisha saa 24, hatari inapungua sana, kwani vijidudu vyake vinahitaji siku moja hadi tano ndipo viweze kuambukiza. Kwa hiyo miezi hiyo tisa baba ndiye anayezoa mchanga wa paka, na ndiye anayetia dawa. Mama anakaa kwenye kiti, anatoa dagaa na maelekezo. Wanawake wengi wamenihakikishia kwamba ni mgawanyo mzuri wa kazi!

Kazi yenu ya mwezi huu ni hii. Kabla hujafanya lolote kwa kitu anachokipenda mwenzako, iwe paka wake, kabati lake au simu yake iliyoharibika, muulize kwanza: "Nikusaidie vipi?" Akikwambia "shika", shika. Akikwambia "acha", acha.

Tukutane mwezi ujao panapo majaliwa, na salamu nyingi kutoka Jiji la Mawe.